Miwani ya kuendeshea baiskeli kwa wenye namba kubwa: njia tano bega kwa bega

Mtu mwenye namba ya miwani ya -1.50 huingia dukani, huchagua fremu ya michezo inayompendeza, huwekewa lenzi, na mambo yakaisha. Kwa mwenye -8.00, au mwenye silinda ya -3.50, au ambaye jicho moja ni -2.00 na jingine -6.00, kuanza na fremu ni kuanza mkiani. Fremu ileile inayomfaa mwenzake itampa barabara iliyopinda, vitu vyenye kingo za rangirangi na kichwa kinachouma kabla hajafika mbali. Mara nyingi lawama huenda kwa aliyempima macho, kumbe vipimo viko sawa na kosa liko kwenye umbo la fremu, au mahali kitovu cha lenzi kilipowekwa.

Njia ziko tano: lenzi zilizotengenezwa moja kwa moja ndani ya fremu iliyopinda kuzunguka uso, fremu ndogo ya ndani inayopachikwa nyuma ya kioo cha michezo, fremu ya michezo iliyo bapa, lenzi mguso, yaani zile zinazokaa juu ya jicho lenyewe, pamoja na miwani ya michezo isiyo na namba, na miwani kubwa ya kuvaa juu ya miwani yako ya kila siku. Hakuna iliyo bora kwa wote. Kinachoamua ni namba zako na jinsi unavyokaa juu ya baiskeli.

Soma karatasi ya vipimo kabla ya kutazama fremu

Safu ya SPH ni nguvu kuu ya lenzi: hasi kwa asiyeona mbali, chanya kwa asiyeona karibu. Ikivuka 4.00 upande wowote, umbali kati ya lenzi na jicho unaanza kubadilisha nguvu unayoipata. Ikivuka 6.00, upana wa fremu ndio unaotawala kila kitu kingine.

Safu ya CYL ni silinda, yaani marekebisho ya astigmatizimu, kasoro ya jicho kutopinda mwanga sawa kila upande, na AXIS ni mhimili wake kwa nyuzi. Silinda kubwa haivumilii kupinda. Lenzi yenye silinda ya -4.00 ikizunguka nyuzi 5 tu kutoka kwenye mhimili wake, inabaki astigmatizimu isiyorekebishwa ya takriban 0.70, na hiyo inatosha kufanya maandishi ya kibao cha barabarani yawe na kivuli. Nyuzi 5 hupatikana kirahisi sana: pedi moja ya pua imebonyea, au kamba ya helmeti imesukuma mkono mmoja wa miwani juu.

Halafu linganisha jicho la kulia na la kushoto. Tofauti ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2 au zaidi ni jambo la kumwambia mtaalamu wa miwani mapema. Angalia pia kama umeandikiwa prizimu, yaani lenzi inayohamisha picha upande mmoja, na kama kuna ADD, nyongeza ya kuonea karibu. Kimoja tu kati ya hivi kinaweza kuifuta njia nzima katika orodha yako.

Baiskeli inakulazimisha kutazama kupitia sehemu isiyofaa ya lenzi

Hili halizungumzwi vya kutosha, nalo ndilo chanzo cha malalamiko mengi. Miwani ya kawaida hupimwa mtu akiwa amesimama wima, akitazama mbele. Juu ya baiskeli ya mbio, mikono ikiwa sehemu ya chini ya usukani, kichwa kinainama na macho yanapanda. Macho yakipanda nyuzi 20, mstari wa kuona unapita takriban milimita 10 juu ya kitovu cha lenzi.

Kila milimita unayotoka kwenye kitovu, lenzi inaanza kufanya kazi kama prizimu. Hesabu yake ni rahisi: zidisha nguvu ya lenzi kwa umbali kwa sentimita. Lenzi ya -8.00, sentimita 1 kutoka kitovuni, inatoa prizimu ya 8. Macho yote mawili yakiwa -8.00, picha zinahama pamoja, kwa hiyo huoni vitu viwili. Unachokiona ni ukungu kidogo na kingo zenye rangi. Lakini mwenye -2.00 na -6.00 anapata prizimu ya 2 kwenye jicho moja na 6 kwenye jingine. Tofauti ya 4 inayokwenda juu na chini ni zaidi ya ile ambayo watu wengi wanaweza kuiunganisha. Matokeo yake ni barabara mbili, moja juu ya nyingine, na zinatokea wakati ule ule mtu ameinama na mwendo umekuwa mkali.

Dawa yake iko ya aina tatu: pandisha kitovu cha lenzi kwa milimita kadhaa ili kikae pale macho yanapopita ukiwa umeinama, au inua usukani ili kichwa kisiiname sana, au tumia lenzi mguso, ambazo hutembea na jicho na kwa hiyo kitovu hakikuachi. Anayeendesha baiskeli ya mjini akiwa amekaa wima hana haja ya kuhangaika na jambo hili kwa kiasi hicho. Ukipandisha kitovu kwa ajili ya kuinama, kumbuka kwamba miwani hiyo si ya kuvaa ukiwa umekaa mezani.

Lenzi moja kwa moja kwenye fremu iliyopinda

Ndiyo njia inayovutia kuliko zote. Uso wote umefunikwa, upepo hauingii, hakuna kipande cha ziada cha kupata ukungu. Kwa namba ndogo na za kati, hasa hadi karibu na ±4.00 na silinda ya wastani, tungeiweka mbele ya nyingine zote.

Ugumu wake ni kwamba lenzi imegeuzwa pembeni. Fremu ya kawaida hupinda nyuzi chache tu. Ya michezo hufika 15, 20 hata 25. Chukua lenzi ya polikaboneti (aina ya plastiki ngumu) ya -6.00 na uigeuze nyuzi 20 bila kufanya marekebisho: jicho linapokea takriban -6.22, na juu yake silinda ya -0.82 ambayo hakuna aliyekuandikia. Kwa nyuzi 15 silinda hiyo ya bure ni kama -0.44. Mwenye -2.00 akigeuziwa lenzi nyuzi 20 anapata chini ya 0.30, ndiyo maana yeye halalamiki na wewe unalalamika.

Maabara nzuri hupiga hesabu hiyo mapema na kuchonga lenzi yenye namba tofauti na karatasi yako, ili ikishageuzwa ikupe ulichoandikiwa. Kazi hiyo inahitaji vipimo vitatu ambavyo duka la haraka huviruka: pembe ya kupinda kwa fremu, mwinamo wa lenzi kutoka juu kwenda chini, na umbali wa lenzi kutoka jichoni. Ukiona anayekuhudumia ameandika umbali kati ya mboni peke yake, lenzi zitachongwa kwa wastani wa watu wengine.

Hapo pana mtego mwingine. Lenzi zikifika dukani, mtu huziweka kwenye mashine ya kusoma lenzi, akaona -5.75 na silinda ngeni, akadhani maabara imekosea na kuzirudisha zitengenezwe upya "kama karatasi inavyosema". Miwani iliyokuwa sahihi inaharibiwa hivyo. Lenzi za namna hii huja na karatasi ya maabara yenye namba zilizorekebishwa. Mashine isomwe dhidi ya hiyo, na wewe uombe nakala yake.

Namba hasi kubwa zina tatizo jingine, la unene. Fremu iliyopinda hutaka uso wa mbele wa lenzi uwe na mviringo mkali, mara nyingi wa dayopta 8. Lenzi ya -8.00 yenye uso wa mbele wa +8 inahitaji uso wa nyuma wa karibu -16. Ongeza upana: kwenye fremu yenye jicho (upana wa tundu la lenzi moja) la milimita 62 na daraja la pua la 15, kwa mtu ambaye umbali kati ya mboni zake ni 62, kitovu kinasogea milimita 7.5 kuelekea puani, na ukingo wa nje unabaki milimita 38 hivi kutoka kitovuni. Hata ukiukadiria kwa milimita 35, ukingo huo kwa polikaboneti ya -8.00 unafika takriban milimita 10. Hautaingia kwenye fremu vizuri, utagusa shavu au kope, na mikono ya miwani inaweza kushindwa kukunjika. Kwa nusu-upana wa milimita 25, ukingo wa lenzi ileile ni kama milimita 6. Hakuna plastiki ya kisasa inayokupunguzia unene kuliko kuchagua fremu ndogo.

Wenye namba chanya wana nafuu hapa. Lenzi chanya yenyewe hupenda uso wa mbele ulio mviringo, kwa hiyo +5.00 hukaa kwenye fremu iliyopinda kwa raha kuliko -5.00, ingawa marekebisho ya pembe bado ni lazima.

Fremu ya ndani nyuma ya kioo cha michezo

Hapa namba zako ziko kwenye vilenzi viwili vidogo vinavyopachikwa kwenye daraja la pua, na mbele yake kuna kioo kikubwa kisicho na namba. Faida mbili ni za kweli. Vilenzi ni vidogo, hivyo hata -9.00 haiwi nene kupita kiasi. Na kioo cha mbele hubadilishwa: cheusi cha jua kali, cheupe cha usiku, bila kutengeneza lenzi za namba mara mbili.

Gharama yake unailipa kwenye ukungu na kwenye upeo wa macho. Nyuso za lenzi zinakuwa nne badala ya mbili, na hewa iliyofungwa kati yake haina pa kutokea. Ukipanda mlima polepole ukiwa na jasho, ukungu unaanza hapo hapo katikati, mahali ambapo kidole hakifiki. Matone ya jasho yakidondoka kwenye kilenzi cha ndani, itabidi usimame na kuchomoa kila kitu.

Umbali nao unaleta shida. Fremu ya ndani hukaa karibu zaidi na jicho kuliko miwani yako ya kawaida. Lenzi ya -8.00 iliyopimwa kwa umbali wa milimita 14, ikisogezwa hadi milimita 8, inapaswa kushushwa hadi takriban -7.62, la sivyo itakuwa kali kuliko inavyotakiwa na macho yatafanya kazi ya ziada safari nzima. Kwa namba chanya mwelekeo ni kinyume: ikisogea karibu, nguvu lazima iongezwe. Kabla ya kuagiza, vaa fremu ya ndani ikiwa tupu na upepese: kope zikigusa, utapata mistari ya mafuta kwenye lenzi kila dakika, na hakuna marekebisho ya baadaye yatakayoiondoa kero hiyo.

Baadhi ya fremu za ndani nazo zimepinda kufuata kioo. Kwa namba kubwa au silinda kubwa, tafuta ile iliyo karibu na bapa.

Fremu ya michezo iliyo bapa

Kwa mwenye -6.00 na kuendelea, mwenye silinda ya zaidi ya -2.50, au aliyeandikiwa prizimu, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza kwa anayetaka kuona kupitia miwani. Haina sura ya mashindano, na pengine ndiyo maana huachwa rafuni. Lakini macho hayajali sura.

Unachotafuta ni fremu yenye kupinda kidogo, jicho la milimita 50 hadi 54, na jumla ya jicho na daraja isiyozidi sana umbali kati ya mboni zako. Fremu ya 50 na 18, jumla 68, kwa mtu wa umbali wa 64, inasogeza kitovu milimita 2 tu kila upande. Mikono iwe ya mpira unaoshika, pedi za pua ziwe za kurekebishika, na ukingo wa juu uwe mwembamba au usiwepo kabisa, kwa sababu ukiinama ni ukingo huo utakaoziba barabara. Pedi za kurekebishika zina kazi ya pili: zinakuwezesha kuinua miwani milimita mbili tatu bila kuagiza fremu nyingine.

Upungufu wake ni upepo. Kasi ikizidi, hewa huingia pembeni na macho hutoa machozi, na mwenye macho makavu ataona tofauti. Fremu nyingine zina kingo za sponji zinazotolewa. Zinazuia upepo na vumbi, zinaongeza ukungu.

Jambo la kuangalia begani. Ukigeuka kutazama gari lililo nyuma, jicho huvuka ukingo wa lenzi. Kwenye lenzi hasi kubwa, ukanda wa pembeni unaonekana mara mbili: mara moja ndani ya lenzi, mara ya pili nje yake bila kurekebishwa. Kwenye lenzi chanya kubwa hutokea kitu cha hatari zaidi, pengo lisiloonekana kabisa, na gari huibuka ghafla kutoka humo. Mwenye +6.00 au zaidi ageuze kichwa kizima wala si macho peke yake, na afunge kioo cha nyuma kwenye usukani.

Lenzi mguso na miwani tupu

Kwa tofauti kubwa kati ya macho, na kwa namba hasi kubwa, hakuna kinachozishinda kwa ubora wa picha. Upeo ni mzima, hakuna kingo, hakuna prizimu ya kuinama, na vitu havipunguzwi ukubwa kama lenzi ya -8.00 inavyofanya. Juu yake unavaa miwani yoyote ya michezo unayoipenda. Namba yake si ile ya miwani: -8.00 kwa umbali wa milimita 12 inakuwa karibu -7.25 kwenye jicho, na +8.00 inakuwa karibu +8.75.

Silinda ndiyo mpaka wake. Lenzi laini za siku moja kwa kawaida huishia silinda ya -2.25 au karibu na hapo, na mihimili yake hupangwa kwa kuruka nyuzi 10. Lenzi ya silinda ya -2.25 ikizunguka nyuzi 10 jichoni, inaacha takriban 0.78 bila kurekebishwa. Muombe mtaalamu akupe za majaribio, ukae nazo angalau saa moja, kisha uiname kama uko barabarani na kutazama kando mara kadhaa. Ikiwa picha inakuja na kuondoka, lenzi inazunguka. Prizimu ya kushoto na kulia nayo lenzi laini haiwezi kuibeba.

Mwenye keratokonasi, ambaye konea yake, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imechongoka, mara nyingi hafikii uono mzuri kwa miwani, kwa sababu kasoro yake haina umbo ambalo lenzi ya miwani inaweza kulifuta. Lenzi ngumu ndogo humsaidia, ila punje ya vumbi ikiingia chini yake ukiwa kwenye mteremko, jicho hufumba lenyewe. Lenzi kubwa za sklera, ambazo hukaa juu ya weupe wa jicho na kuziba pembezoni, haziingizi vumbi kirahisi. Maji yaliyo chini yake yanaweza kuwa na ukungu baada ya saa kadhaa, na hapo lenzi hutolewa, huoshwa kwa dawa yake na kujazwa upya.

Sheria za usafi hazina mjadala. Osha na kukausha mikono kabla ya kugusa lenzi, usizisuuze kwa maji ya bomba wala ya chupa, usilale nazo. Majini kuna vimelea vinavyoweza kuingia kwenye konea na kuiharibu kabisa. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likikimbia mwanga, toa lenzi na umuone daktari wa macho siku hiyo hiyo. Kwenye begi la chini ya kiti weka pea moja ya akiba na miwani yako ya zamani; lenzi ikidondoka kutoka jicho la -8.00, huwezi kurudi nyumbani salama kwa jicho moja.

Miwani ya kuvaa juu ya miwani

Ni ya muda tu. Inazuia upepo na jua, lakini ni nzito, hupata ukungu kama fremu ya ndani, na hugombana na helmeti. Inamfaa anayesubiri lenzi zake, au ambaye namba zake zinabadilika upesi kiasi kwamba si busara kuagiza lenzi za gharama kwa sasa, kwa mfano anayesubiri upasuaji wa mtoto wa jicho.

Kwa ufupi:

| Hali yako | Anza na | Epuka |
|---|---|---|
| Hadi ±4.00, silinda ndogo | Fremu iliyopinda, lenzi zilizorekebishwa | Kuagiza bila vipimo vya pembe |
| -6.00 na zaidi | Fremu bapa ndogo, au lenzi mguso | Fremu pana iliyopinda |
| Silinda zaidi ya -2.50 | Fremu bapa | Lenzi mguso laini zinazozunguka |
| Macho yanatofautiana dayopta 2+ | Lenzi mguso | Kitovu cha chini ukiwa unainama |
| Prizimu | Fremu bapa | Lenzi mguso laini |
| Keratokonasi | Lenzi za sklera | Kutegemea miwani peke yake |

Plastiki ya lenzi

Kioo halisi kisahaulike; kikivunjika mbele ya jicho ni janga. Kati ya plastiki, polikaboneti na Trivex ndizo zinazovumilia kishindo. Polikaboneti ni nyembamba zaidi kidogo, lakini hutawanya rangi: namba yake ya Abbe ni 30, ya Trivex ni kama 44. Namba hiyo ya Abbe ikiwa ndogo, rangi hutawanyika zaidi. Mwenye -8.00 anayetazama sentimita 1 kutoka kitovuni ataona ukanda wa bluu na wa njano kwenye nguzo za barabarani akiwa na polikaboneti, na utapungua kwa karibu theluthi akiwa na Trivex. Kwa namba kubwa tungechagua Trivex na kukubali unene wa ziada. Plastiki za 1.67 na 1.74, namba zinazoonyesha jinsi zinavyopinda mwanga, ni nyembamba, ila Abbe yake ni 32 au 33 na hazivumilii kishindo kama hizo mbili. Zinafaa miwani ya mezani. Anayetegemea jicho moja tu asikubali chochote nje ya polikaboneti au Trivex.

Omba utando wa kuzuia mng'ao, hasa upande wa nyuma: jua likiwa mgongoni, mwanga hugonga nyuma ya lenzi na kukurudia jichoni.

Ukishahitaji nyongeza ya kuonea karibu

Kompyuta ndogo ya kwenye usukani iko takriban sentimita 65 kutoka machoni. Umbali huo hauhitaji nyongeza yote ya kusomea kitabu. Aliyeandikiwa ADD ya +2.50 mara nyingi hutosheka na nusu yake, kati ya +1.00 na +1.50. Sema wazi kwamba unataka nyongeza ya umbali huo, la sivyo utapewa ya kitabu na itakubidi kusogeza uso kwenye usukani.

Lenzi progresivu, yaani zile ambazo nguvu yake hubadilika polepole kutoka ya mbali juu hadi ya karibu chini, ndani ya fremu iliyopinda kwa mwenye namba kubwa ni mkusanyiko wa matatizo: pembeni kuna ukungu wa progresivu, na juu yake ukungu wa kupinda. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kijilenzi cha baifokali, yaani kipande cha kuonea karibu ndani ya lenzi, kilichowekwa chini kabisa, kiasi kwamba hukioni ukitazama barabara. Kuna pia vilenzi laini vya kubandika kwa maji ndani ya lenzi. Vikate upendavyo, vijaribu kwa majuma kadhaa, kisha uamue kimo cha baifokali kabla ya kuagiza. Na njia isiyo na gharama yoyote: punguza data kwenye skrini hadi namba tatu ili ziandikwe kwa ukubwa.

Rangi na ukungu

Lenzi za jua hupangwa kwa makundi. Kundi la 3 hupitisha 8% hadi 18% ya mwanga na linatosha jua kali. La 2 hupitisha 18% hadi 43% na linafaa mawingu au njia yenye vivuli vya miti. La 0, zaidi ya 80%, ndilo la usiku. Kundi la 4 halifai barabarani. Lenzi za njano hazisaidii gizani, zinapunguza mwanga uliobaki. Zinazobadilika rangi zenyewe ni rafiki wa mwenye namba kubwa, kwa sababu pea moja inafanya kazi ya mbili, lakini kwenye joto kali haziwi nyeusi vya kutosha na huchukua dakika kadhaa kurudi kuwa nyeupe. Ukiingia kwenye handaki utakuwa gizani. Lenzi za polaraizi, zile zinazochuja mng'ao, zinaweza kuzima skrini ya kompyuta yako kwa pembe fulani na kuficha mng'ao unaokuonyesha kwamba lami imelowa, kwa hiyo zijaribu mbele ya skrini yako kabla ya kulipa.

Ukungu hutokana na hewa yenye unyevu kugusa lenzi iliyo baridi kuliko hiyo hewa. Acha nafasi ya milimita chache kati ya ukingo wa juu na kipaji cha uso, ikiwa helmeti inaruhusu. Kwenye taa za barabarani, shusha miwani puani hadi utakapoanza tena kusonga. Dawa ya kuzuia ukungu hupakwa kwenye lenzi iliyooshwa kwa sabuni na kukauka; ikipakwa juu ya mafuta ya ngozi haishiki. Dawa za kufukuza wadudu zenye DEET huharibu baadhi ya plastiki, kwa hiyo paka, osha mikono, ndipo uguse miwani.

Siku ya kuagiza na siku ya kuchukua

Nenda na helmeti, na ikiwezekana picha uliyopigwa kwa ubavu ukiwa juu ya baiskeli. Vaa fremu, funga helmeti, kisha hakikisha mikono ya miwani inapita juu ya kamba na haigongi ile bangili ya nyuma inayokaza helmeti. Ikigonga, miwani itapanda kila unapoinua kichwa. Kaa kwenye kiti, inama viwiko vikiwa magotini, tazama mbele. Mwombe mtaalamu aweke nukta ya wino kwenye lenzi ya maonyesho palipo mboni yako ukiwa hivyo, na nyingine ukiwa umekaa wima. Umbali kati ya nukta hizo mbili ndio utakaowasaidia kuamua kitovu kikae wapi. Umbali wa mboni uandikwe kwa kila jicho peke yake, si jumla, kwa sababu pua haiko katikati kwa kila mtu.

Siku ya kuchukua, usitoke kabla ya kujaribu yafuatayo. Ziba jicho moja, soma maandishi ya mbali, kisha badilisha. Inama tena na utazame mstari ulionyooka wa mlalo, kama ukingo wa dari; ukigawanyika mistari miwili, kitovu kimekosewa au tofauti ya macho yako haivumiliki kwa miwani. Tembea na kushuka ngazi chache: sakafu kuonekana imepinda kidogo ni kawaida kwa siku za mwanzo, kizunguzungu kisichopungua baada ya juma si kawaida. Endesha kwanza mahali pasipo na magari.

Mwenye namba hasi kubwa akiona mimuliko ya ghafla, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea au pazia jeusi pembeni, hasa baada ya kuanguka, asidhani ni miwani. Retina, utando wa nyuma ya jicho, huenda imechanika, na anatakiwa awe mbele ya daktari wa macho siku hiyo hiyo.